Daftari Liko kwa Nani? Haki na Tija katika Kukabili Mabadiliko ya Tabianchi



Mada niliyopewa inasema "suluhisho za haki na zenye tija kwa mabadiliko ya tabianchi". Katika vikao vya namna hii, haki na tija huwekwa pande mbili za mizani. Haki huachiwa mashehe, maaskofu na wanaharakati. Tija huachiwa wahandisi na watu wa benki. Kisha husemwa, tena kwa sauti ya chini, kwamba dunia inaungua na hakuna muda wa kumuuliza kila mwanakijiji anataka nini.

Sikubaliani na maneno hayo, na jioni hii nitayapinga kwa mifano ya hapa hapa kwetu. Ninavyoona mimi, mradi wa tabianchi hufanya kazi pale wanaoishi nao wanapoliona daftari: wanajua kinahesabiwa nini, nani anahesabu, fedha ngapi zimeingia na zimekwenda wapi, na wanao uwezo wa kusema hapana. Daftari likikaa mbali nao, mradi huharibika. Wala hauharibiki kwa sababu ya malalamiko tu. Mara nyingi hesabu yenyewe ya hewa ya ukaa ndiyo inayotoka kombo.

Tuanzie Gazi.

Wengi wenu mmepita pale, ukitoka Ukunda kabla hujafika Msambweni. Ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kilomita kama 50 kusini mwa Mombasa. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa vibaya sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani na kwa boriti, na sehemu nyingine hapakusalia kitu ila tope. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kupanda upya miaka ya 1990. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanzisha mradi unaoitwa Mikoko Pamoja: hekta 117 za mikoko zinalindwa, hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo inapimwa, na vyeti vyake vinauzwa nje chini ya kanuni za Plan Vivo, taasisi ya vyeti vya kaboni, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni ya mikoko. Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani, baadaye wakafuata njia hiyo hiyo kwa msitu mkubwa zaidi.

Kazi ya kuhesabu haina uchawi. Siku za bamvu, maji yakipwa na bahari kurudi mbali, watu huingia msituni na kamba na tepu, tope likiwafika magotini. Kuna viwanja vidogo vilivyowekewa alama. Kila mti uliomo hupimwa unene na urefu, na jina lake huandikwa: mkoko, mkandaa, mchu, muia, mlilana. Mkoko wenyewe una usumbufu wake, maana mizizi huteremka kutoka kwenye shina. Haupimwi usawa wa kifua kama mwembe, tepu hupitishwa juu ya mzizi wa juu kabisa. Na hapo umehesabu sehemu ndogo tu. Kaboni nyingi ya msitu wa mikoko imo topeni, imejikusanya humo karne baada ya karne, kwa sababu tope lisilo na hewa haliozeshi majani na mizizi upesi. Anayefyeka mikoko na kuliacha tope lipigwe jua anafungua ghala ambalo hakulijaza yeye wala babu yake.

Katika upimaji huo wanakijiji nao wamo. Mtu aliyeushika mti kwa mkono wake na kuuandika ni vigumu kumdanganya juu ya mti huo.

Sasa fedha. Katika miaka ya mwanzo mradi uliingiza takriban dola 12,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Vijiji hivyo viwili vina watu zaidi ya 5,000. Ukizigawa kwa kichwa, kila mtu angeambulia kama shilingi 200 kwa mwaka mzima, na hakuna mtu anayeacha kukata boriti kwa shilingi 200. Ndiyo maana hazikugawiwa. Kamati ya wanakijiji ilipeleka mapendekezo barazani, na watu wakachagua maji ya bomba, vitabu vya shule na mambo ya namna hiyo. Maji ya bomba ni kitu ambacho hata asiyeujua mradi anakiona, na kila ndoo anayoteka ni taarifa ya fedha.

Liko jambo jingine ambalo wageni hawalitaji sana, nami naona ndilo lenye akili kuliko yote. Mradi ulipanda mivinje. Watu wa pwani wanahitaji fito, pau, boriti na nguzo. Nyumba hazijengwi kwa hotuba. Ukipiga marufuku ukataji bila kutoa mti mwingine, shoka halitatulia. Litahamia kijito cha jirani, na kwenye karatasi yako utaandika kwamba umeokoa msitu. Wataalamu wanaliita jambo hilo uvujaji. Mvinje wa Gazi ni haki kwa mjenzi maskini, na wakati huo huo ndio unaoifanya hesabu ya hewa iwe ya kweli. Nilipoelewa hilo ndipo nilipoacha kuamini ile mizani ya pande mbili.

Nisiwapambie, hata hivyo. Mradi wa Gazi ni mdogo, na una dhambi ya asili ambayo si ya wanakijiji. Mmarekani mmoja hutoa kwa wastani tani 14 hivi za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mkenya hafikishi hata nusu tani. Fanyeni hesabu: tani 3,000 za ghuba nzima, pamoja na ulinzi, upimaji na vikao vyake vyote, zinafuta moshi wa Wamarekani wasiozidi 220. Na anayenunua cheti mara nyingi hanunui ili apunguze. Ananunua ili aendelee kusafiri kwa ndege na dhamiri yake ikiwa imetulia. Kwa hiyo ninapousifu mradi wa Gazi nasifu namna unavyoendeshwa. Biashara ya vyeti kama dawa ya dunia siisifu, na nitaeleza kwa nini nikifika jikoni.

Kabla ya hapo twende kaskazini.

Mradi wa kaboni wa nyika za kaskazini mwa Kenya ulianza kuhesabiwa mwaka huo huo wa 2013, lakini kwa ukubwa wa kutisha: karibu hekta milioni 1.9, katika maeneo ya wafugaji wa Isiolo, Samburu, Marsabit na Laikipia, chini ya shirika la Northern Rangelands Trust. Wazo lake ni kwamba mifugo ikilishwa kwa zamu iliyopangwa, nyasi hurudi, mizizi hushuka, na udongo huweka kaboni. Vyeti vyake vilinunuliwa na kampuni kubwa za Marekani, zikiwemo Meta na Netflix. Kwenye makaratasi, ukiuweka mradi wa Gazi kando ya huu, Gazi ni mchezo wa watoto.

Lakini Waborana wa Isiolo walikuwa na mpango wao wa malisho kabla shirika lolote halijazaliwa. Wanauita dedha. Wazee wa dedha ndio wanaoamua malisho ya masika yafunguliwe lini, ya kiangazi lini, na yapi yafungwe yakingoja mwaka wa ukame. Hesabu ya kaboni ya mradi ilisimama juu ya dhana kwamba kabla yake malisho hayakuwa na mpango wa kutosha. Wakosoaji wakauliza, nami nauliza nao: kama mpango ulikuwepo, basi hewa mliyoiuza kama mpya ni ipi? Hilo ni swali la haki, kwa kuwa linahusu heshima ya wazee na elimu yao. Ni swali la sayansi pia, kwa sababu jibu lake linabadilisha tani.

Mwaka 2023 Verra, taasisi inayothibitisha vyeti hivyo, iliusimamisha mradi ili uchunguzwe, kisha ikauruhusu. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba jumuiya mbili za uhifadhi, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila umma kushirikishwa inavyotakiwa. Mradi ukasimamishwa tena mwaka huo. Watetezi wake wanasema umeleta shule, usalama na ajira, na sitasema hakuna kilicholetwa. Nasema hivi: ule ushirikishwaji ulioonekana unachelewesha kazi mwanzoni, kukosekana kwake ndiko kulikoisimamisha kazi zaidi ya miaka kumi baadaye.

Waliokwenda polepole wapo pia. Kule Tanzania, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata kwanza hatimiliki ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao, mwaka 2011, na biashara ya kaboni ikajengwa juu ya hati hiyo. Ardhi kwanza, hewa baadaye. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu siku hizi kuna watu wenye haraka kubwa. Mwaka 2023 kampuni moja ya Dubai, Blue Carbon, ilitangaza makubaliano na serikali kadhaa za Afrika. Kwa Tanzania pekee zilitajwa hekta milioni 8 za misitu, na kwa Liberia eneo linalokaribia sehemu moja ya kumi ya nchi nzima. Mwanakijiji anayeishi ndani ya hekta hizo alisikia habari redioni, kama alivyosikia mtu wa Ulaya.

Haya, tuingie jikoni. Hapa nitakaa kidogo, maana wanaume wengi waliomo humu ukumbini hawakujua kwamba tabianchi inaanzia pale.

Mchukueni mama wa mahamri, wa Kisauni au wa Majengo, popote pale. Saa kumi na moja alfajiri karai limeshapanda jikoni. Mkaa anaununua kwa mkebe, leo kwa leo, kwa sababu faida ya jana ndiyo inayonunua mkaa wa leo. Anajua fika kwamba mkaa wa mkebe ni ghali. Kwa mwaka mzima anautumilia fedha nyingi kuliko jirani anayenunua gunia. Anajua kwamba gesi ni safi na haikohozeshi. Asichokuwa nacho ni zile shilingi elfu moja na ushei za kujaza mtungi wa kilo 6, ule wa meko, siku ambayo gesi imekatika na mbaazi hazijaiva. Umaskini wake hauko kwenye bei ya gesi kwa kilo. Uko kwenye kulazimika kununua kilo sita kwa mara moja.

Sasa tazameni serikali yetu ilifanya nini. Julai 2021 gesi ya kupikia ilitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa. Katika kipindi hicho hicho, kuanzia Februari 2018 hadi Julai 2023, ukataji wa miti katika misitu ya umma ulikuwa umepigwa marufuku. Yaani mkono mmoja ulimkataza mama mkaa, na mkono wa pili ukampandishia bei ya kitu pekee ambacho kingemwachisha mkaa ule. Mkaa haukuacha kuuzwa. Uliingia kutoka nchi jirani, ikiwemo Uganda, mpaka Mei 2023 Rais Museveni naye alipopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi yake. Ni kisa kile kile cha shoka linalohamia kijito cha jirani, safari hii kwa lori.

Tanzania imeshika njia pana zaidi, na lazima tuwasifu ndugu zetu. Mwaka 2024 walizindua mkakati wa miaka kumi wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na taasisi zinazopikia watu wengi zikaamriwa ziache kuni na mkaa. Kuanza na shule, magereza na kambi ni busara: sufuria moja ya shule ni sawa na majiko mengi ya nyumbani, na taasisi ina bajeti. Wasiwasi wangu uko kwenye mitungi inayogawiwa mikutanoni huku kamera zikipiga picha. Mtungi wa kwanza si tatizo. Tatizo ni wa pili. Gesi ya zawadi ikiisha, mtungi huwekwa nyuma ya mlango, na jiko la mkaa hutolewa tena uani.

Lililofanya kazi ni jambo dogo ambalo halikutoka kwenye mkutano wowote mkubwa. Kuna kampuni, kwetu na Tanzania, zinazofunga mita kwenye mtungi. Mama anatuma shilingi hamsini au mia kwa simu, gesi inafunguka kwa kiasi hicho, na mtungi ukikaribia kuisha kampuni inajua na kuleta mwingine. Gesi imegeuzwa kuwa mkebe. Ni kama mtu aliyebuni hilo alikaa jikoni kwanza, akaona fedha zinavyoingia na kutoka, ndipo akachora chombo chake.

Na hapa ndipo niliposema nitarudi kwenye vyeti. Majiko nayo huuzwa kwa kaboni: kampuni inagawa majiko sanifu, inakadiria kuni zilizookolewa, inauza tani. Mapema mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya namna hiyo wakakuta vyeti vilivyotolewa vilizidi ukweli takriban mara tisa. Sababu hazishangazi mtu yeyote aliyewahi kuingia jikoni: ilidhaniwa kila anayepewa jiko analitumia daima na analiacha la zamani kabisa. Njia iliyokaribia ukweli kuliko zote ilikuwa ile ya mita, inayopima nishati iliyotumika hasa. Angalieni linavyogeuka jambo hili. Chombo kilichomfaa mama wa mahamri kwa kupima anachotumia ndicho kilichomfaa mwanasayansi. Na majiko yaliyosukumwa kwa watu bila kuwauliza ndiyo yaliyojaza dunia vyeti hewa, ambavyo kwa kila kimoja kuna kiwanda mahali fulani kilichoruhusiwa kuendelea kutoa moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Kwa hiyo sisemi majiko yaachwe. Nasema jiko lihesabiwe na anayepikia.

Nipenyeze neno kuhusu miti, kwa kuwa ndiyo dawa inayopendwa na kila kiongozi mwenye koti. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya mapumziko nchi nzima tukapande miti, na lengo la taifa ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sina ugomvi na mti. Lakini nimeona miche ya mkoko ikichomekwa mahali ambapo hata mtoto wa Gazi angekwambia ni pa mlilana, au si pa mti wowote, kwa sababu tu mche wa mkoko ni mrefu, ni rahisi kuuchomeka na unapendeza pichani. Mawimbi ya kusi yanaisomba yote. Wizara ituambie imebaki mingapi baada ya miaka mitatu. Hiyo iliyopandwa tumeshaiona kwenye televisheni.

Mtu ataniuliza: mbona unatukagua sisi wadogo? Bara zima la Afrika linatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia. Asilimia 10 ya watu, wale matajiri zaidi, ndio wanaosababisha karibu nusu ya uchafuzi wote. Swali hilo ni la haki, na jibu langu lina sehemu mbili zisizolingana.

Ya kwanza ni fupi, nayo inahusu Lamu. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilipangwa kujengwa Kwasasi. Watetezi wake walisema hivyo hivyo: sisi tunatoa kidogo, tuacheni nasi tuchome. Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ikafuta leseni yake. Kiini cha uamuzi, mkisome wenyewe, hakikuwa joto la dunia peke yake. Wananchi wa Lamu hawakupewa taarifa na nafasi ya kutosha ya kusikilizwa kuhusu athari za kiwanda kile. Wavuvi waliomba waone daftari, wakanyimwa, wakaenda mahakamani. Wakati huo nchi yetu ilikuwa tayari inapata sehemu kubwa ya umeme wake kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Tungejifunga kulipia kwa miaka mingi makaa tusiyoyahitaji.

Sehemu ya pili ni ndefu na ina hasira kidogo, mnisamehe.

Kati ya 2020 na 2023 mvua ziligoma misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika. Wanasayansi wa World Weather Attribution walihesabu kwamba joto lililoletwa na binadamu liliufanya ukame wa namna ile uwe na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi. Katika kaunti za kaskazini mwa Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mwaka uliofuata, Machi hadi Mei 2024, mafuriko yakaua watu karibu 300 nchini. Mfugaji wa Marsabit hana gari, na huenda hajapanda ndege maisha yake yote. Alikuwa na nini cha kumsaidia? Baadhi yao walikuwa na bima ya mifugo, iliyoanza kule mwaka 2010, ambayo hulipa pale setilaiti inapoona malisho yamekauka. Ni ubunifu mzuri, na umewafaa watu. Lakini setilaiti haitofautishi vizuri nyasi na kichaka kisicholiwa, kwa hiyo yupo mtu aliyezika ng'ombe wake akaambiwa kwamba kutoka angani panaonekana kijani. Na ada ya bima hiyo, isipolipiwa yote na ruzuku, anayeitoa ni yeye aliyedhulumiwa.

Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, klabu ya nchi hizo hizo, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha za serikali zilizomo ilikuwa mikopo. Mtu aliyekuvunjia ukuta anakukopesha matofali, tena kwa riba, kisha anaandika kwenye daftari lake kwamba amekulipa fidia. Novemba 2024 kule Baku ikaahidiwa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ilhali nchi zinazoendelea zilikuwa zinazungumzia trilioni 1.3. Mfuko wa hasara na uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 baada ya nchi za visiwa kuudai kwa miaka thelathini, ulianza na ahadi zinazozidi kidogo dola milioni 700. Kwa ulimwengu mzima.

Ndiyo maana naona tarehe 23 Julai 2025 ni muhimu kuliko mikutano mingi. Siku hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa maoni yake kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuulinda mfumo wa hali ya hewa, na kwamba kuuvunja wajibu huo kunaweza kuleta dhima, ikiwa ni pamoja na kulipa fidia. Ni maoni, hayamfungi mtu mikono. Lakini kesi ile ilianza na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki mwaka 2019, serikali ya Vanuatu ikaibeba hadi Umoja wa Mataifa, na nchi ya visiwa yenye watu wachache kuliko Kaunti ya Kwale ikaifanya mahakama kuu ya dunia ifungue daftari. Vijana mliosimama nyuma, mnasoma sheria wangapi?

Serikali zetu nazo zisijifiche nyuma ya dhuluma ya wakubwa. Ukidai fidia The Hague huku umemtoza mama wa mahamri asilimia 16, hoja yako ina tundu. Na fedha zikija, ziwe fidia au mapato ya kaboni, zikiishia makao makuu tutakuwa tumehamisha daftari kutoka mji wa Ulaya hadi jengo la Nairobi. Kutoka Gazi ni mbali vile vile.

Namalizia na jambo la kufanya, kwa sababu najua humu ndani mna watu wa Vanga, wa Tana na wa Lamu ambao tayari wametembelewa na mawakala wa kaboni. Wanakuja na gari zuri, fulana na karatasi za Kiingereza. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023: mradi wa kaboni katika ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na kwa mradi unaotumia ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka, na kwa usiotumia ardhi, angalau asilimia 25. Kabla ya mtu yeyote kuweka saini au kidole gumba, dai mkataba usomwe wote barazani kwa Kiswahili au kwa lugha yenu, na wanawake wawepo. Uliza unadumu miaka mingapi. Kuna mikataba itakayomfunga mjukuu wako. Uliza ni gharama zipi zinatolewa kabla ya kupiga hiyo asilimia 40, na nani anazikagua. Uliza anayenunua hewa yenu ni nani na anaendelea kuchafua kiasi gani kwake. Uliza mtakata wapi boriti. Wakikwambia hesabu ni siri ya biashara, Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inawapa haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuiomba. Andikeni barua, mbaki na nakala, na msisaini chochote mpaka wajibu.